Fundi, diski yangu inagoma kuchomwa

Wiki hii barua karibu zote zinahusu CD na DVD. Nilidhani flashi zilishazizika, kumbe bado kuna redio za gari na deki za sebuleni zisizojua kingine.

Swali: Fundi, shikamoo. Nimenunua DVD tupu 50 kwa bei nzuri. Kila nikichoma moja inakata mwanzoni kabisa, na kompyuta inaandika "Power Calibration Error". Programu nimeifuta na kuiweka upya mara tatu.

Jibu: Marahaba. Iache hiyo programu, umeionea. Kabla ya kuandika chochote, mashine ya kuchomea hujaribisha leza kwenye sehemu ndogo karibu na tundu la katikati ya diski, ikitafuta nguvu inayotosha kuunguza rangi iliyomo ndani. Ikikosa kipimo cha kuaminika, inasusa. Ujumbe ulioupata maana yake ni hiyo tu.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni hiyo "bei nzuri". Diski za bei ya kutupa mara nyingi rangi yake imepakwa ovyo. Omba kwa jirani diski moja ya kampuni nyingine, ujaribu. Ikikubali, basi mzigo wako ndio mgonjwa. Shusha kasi kutoka 16x hadi 8x au 4x, huenda ukaokoa baadhi. Usishuke hadi mwisho kabisa, maana diski za siku hizi hazikutengenezwa kwa mwendo wa konokono.

Ya jirani nayo ikigoma, tazama mashine. Huenda lenzi ina vumbi, au leza imechoka. Na usiniambie "lakini filamu inacheza vizuri": kusoma hakuhitaji nguvu nyingi kama kuandika, kwa hiyo leza inayozeeka huanza kushindwa kuchoma huku ikiendelea kusoma kama kawaida.

Swali: Nimeweka nyimbo 90 za kwaya yetu kwenye CD. Kwenye laptopu zinaimba, kwenye gari la mchungaji redio inaitema. Je, CD ni mbovu?

Jibu: CD ni nzima, redio ndiyo haijui MP3, yaani aina ya mafaili ya nyimbo uliyoyaweka. Kwenye programu ya kuchomea chagua CD ya muziki, si CD ya data. Hapo hesabu haiendi tena kwa MB 700, inakwenda kwa dakika, nazo ni 80. Nyimbo 90 sahau. Kwa kwaya inayorudia kiitikio mara nane, zikiingia 12 shukuru. Tumia CD-R, ile ya kuandikwa mara moja tu, kwa kuwa CD-RW, ile inayofutika, huakisi mwanga kidogo na redio nyingi za zamani haziioni. Programu ikikuuliza kama ifunge diski, yaani isiongezwe kitu tena, kubali.

Swali: Video ya harusi ya mdogo wangu ina GB 4.5. DVD imeandikwa GB 4.7, lakini kompyuta inadai nafasi haitoshi. Nimeibiwa?

Jibu: Hujaibiwa, ni hesabu mbili tofauti. Kiwandani GB moja ni baiti bilioni moja kamili. Kwa Windows ni baiti 1,073,741,824. Kwa hiyo DVD yako, Windows inaiona ni GB 4.38 hivi.

Ungeweza kununua ile ya tabaka mbili, ya GB 8.5, lakini subiri kwanza. Bibi harusi ataitazama wapi? Kama ni kwenye deki ya zamani, faili la MP4 halitacheza hata likienea. Tumia programu kama DVDStyler, ni ya bure: inaibana video itoshe na inajenga folda ya VIDEO_TS ambayo deki huitafuta.

Swali: Nachoma moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kwa mashine ya nje ya USB. Inakatika katikati.

Jibu: Hamishia mafaili kwenye kompyuta kwanza. DVD inayochomwa kwa 16x inameza takriban MB 22 kila sekunde, na flashi kuukuu haifikishi. Mashine yenyewe ichomeke kwenye kompyuta, usipitishie kwenye kile kidude cha kugawa USB, kwani inakula umeme kupitia waya huohuo. Waya ukiwa na vichwa viwili, vichomeke vyote. Kile cha pili hakikuwekwa kwa urembo.

Swali: Diski iliyokatikia njiani naweza kuirudia?

Jibu: Ya RW, ndiyo, ifute uanze upya. Ya R, hapana, rangi ikishaungua imeungua. Zangu nimezitundika kwenye bustani ya mchicha zitishe ndege. Kunguru wameshazizoea.