Matengenezo si utengenezaji: swali la ndege kutoka Kisumu

SWALI: Ninatafsiri matangazo hapa Kisumu. Nimepewa tangazo la shirika la ndege kuhusu kitengo chake kinachohudumia ndege zake na pia kuuza huduma hiyo kwa mashirika mengine. Nimeandika "Kitengo cha Kutengeneza, Kukarabati na Kufanya Marekebisho ya Ndege". Mwenzangu anasema maneno hayo matatu ni yale yale, na kwamba moja lingetosha. Je, ni kweli?

JIBU: Maneno hayo yanakaribiana, lakini si yale yale. Kabla ya kuyatenganisha, hata hivyo, kuna jambo zito zaidi katika tafsiri yako, nalo ni kitenzi cha kwanza. Kutengeneza kuna maana mbili: kuunda kitu ambacho hakikuwapo, na kukirudisha katika hali njema kitu ambacho tayari kipo. Fundi wa jua kali wa Kibuye akisema leo ametengeneza jiko na baiskeli mbili, tunamwelewa mara moja, kwa sababu jiko ni jipya na baiskeli zililetwa na wenyewe zikiwa mbovu. Shirika la ndege halina muktadha huo wa kulisaidia. Anayesoma "Kitengo cha Kutengeneza Ndege" ana haki ya kudhani kwamba shirika hilo hushindana na Boeing na Airbus, ilhali shirika kama Kenya Airways, lililoanzishwa mwaka 1977, hununua au kukodi ndege zake, na kazi ya mafundi wake walioko Embakasi, Nairobi, ni kuhakikisha kwamba ndege hizo zinafaa kuruka.

Kiswahili chenyewe kimetupa dawa ya utata huo, nayo imo katika nomino. Kutokana na kitenzi hicho kimoja tumepata utengenezaji, ambao ni tendo la kuunda, na matengenezo, ambayo ni kazi ya kutunza na kurejesha. Utengenezaji wa ndege hufanyika Toulouse, Ufaransa. Matengenezo ya ndege hufanyika Embakasi. Najua kwamba wapo wanaoandika utengenezaji kwa maana zote mbili, lakini katika tangazo la biashara, ambalo mteja hulisoma kama ahadi, siwezi kuukubali ulegevu huo. Wanamaji wa pwani walikuwa makini zaidi yetu: jahazi liliundwa, halikutengenezwa, na lilipoanza kuvuja lilivutwa ufukoni likakalafatiwa, yaani nafasi kati ya mbao zake zikazibwa.

Matengenezo, basi, ndilo neno pana, na lina sifa moja ambayo mwenzako ameisahau, kwamba halidai kitu kiwe kimeharibika. Hata ndege isiyo na hitilafu yoyote hukaguliwa kabla ya kila safari, na kila baada ya mamia ya saa za kuruka huingizwa bandani ikaguliwe zaidi, itiwe vilainishi na kubadilishwa vichujio, kama vile matatu inavyopelekwa sevisi.

Urekebishaji ni tofauti, kwa sababu hapo pana hitilafu inayojulikana: pampu inavuja, taa haiwaki, gurudumu limepasuka. Nakushauri uandike urekebishaji badala ya marekebisho, kwa kuwa kwa Wakenya wengi marekebisho yamehamia bungeni, na anayelisikia hufikiria Katiba kabla ya kufikiria spana.

Ukarabati hauhusu hitilafu moja, bali kitu kizima kilichochakaa, kama nyumba, barabara au meli. Wewe uliye Kisumu una mfano mlangoni pako: meli ya MV Uhuru ilikaa miaka mingi bila kufanya kazi, ikakarabatiwa hapo bandarini, na mwaka 2019 ikarejea ziwani. Hakuna ambaye angesema ilirekebishwa, maana neno hilo lingeipunguzia kazi uzito wake. Ndiyo maana naona ukarabati ndio unaofaa zaidi kwa ile kazi kubwa ambayo mafundi huiita ovaholi. Kwa aina nyingi za ndege kubwa hufanyika kila baada ya miaka 6 hadi 12, ambapo viti, sakafu na kuta za ndani huondolewa ili fremu ikaguliwe kama ina nyufa au kutu, kisha kila kitu hurudishwa mahali pake. Ukihitaji kuieleza kazi hiyo kwa sentensi nzima ndani ya tangazo, usiogope msemo wa wasusi, kwamba ndege hufumuliwa na kusukwa upya. Magazeti yetu huutumia kwa baraza la mawaziri, na mbele ya ndege iliyovuliwa hadi mifupa una haki zaidi.

Kwa hiyo andika "Kitengo cha Matengenezo, Urekebishaji na Ukarabati wa Ndege". Kiunganifu ni "wa" kwa sababu hufuata nomino iliyo karibu nacho, ambayo ni ukarabati. Shirika likipenda kuyapanga maneno kwa namna nyingine na matengenezo yakaja mwisho, itakubidi uandike "ya".