Kumzoesha sungura bila kumbeba
Je, kumbeba kila siku humfanya sungura aliyeokolewa awazoee watu upesi kabla ya kupata makao mapya? Hapana. Mara nyingi humzidishia woga. Sungura ni mnyama anayewindwa, na kwake kuinuliwa ni sawa na kunyakuliwa na mwewe, ndiyo maana hurusha mateke yenye nguvu ya kumvunja yeye mwenyewe uti wa mgongo iwapo miguu ya nyuma haikushikiliwa vizuri. Nimewatunza sungura wa aina hii, na njia ninayoiamini ni kuketi sakafuni kimya, majani ya giligilani yakiwa karibu na goti, umwache aje mwenyewe akunuse, kisha umpapase kwenye paji la uso, si kidevuni wala tumboni. Akilaza kichwa na kusaga meno taratibu, ameridhika. Akiyasaga kwa nguvu huku amejikunyata, ana maumivu. Kumnyanyua kwa masikio ni ukatili, usimruhusu mtu yeyote. Hata hivyo, asiyekula wala kunya kwa takriban saa 12 apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa, na hapo mbebe, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukishikilia makalio.