Slagi Ikipita Mtihani wa Ugumu, Usisaini Bado

Wiki iliyopita kijana mmoja, fundi wa maabara huko Athi River, aliniandikia kwa furaha. Slagi ya kiwanda cha chuma, yaani mabaki magumu kama mawe yanayobaki chuma kikiyeyushwa, imeishinda kokoto ya Mlolongo kwenye mtihani wa ugumu uitwao Los Angeles, na mkandarasi anaitaka barabarani. Je, asaini ripoti?

Mdogo wangu, weka kalamu chini.

Mtihani huo naujua. Kilo 5 za kokoto zinaingia kwenye pipa pamoja na mipira ya chuma, pipa linazunguka mara 500, kisha unachekecha kwa chekeche la milimita 1.70 uone kilichosagika. Slagi nyingi hufanya vizuri hapo kwa sababu ni ngumu na ina kona kali. Shida ni kwamba pipa halina maji. Slagi ya chuma cha pua au cha kawaida inaweza kuficha chokaa ambayo haijazimwa, na chokaa hiyo ikipata maji huvimba hadi karibu mara mbili ya ujazo wake. Magnesia, yaani oksidi ya magnesi, nayo hufanya vivyo hivyo, ila polepole, pengine baada ya miaka.

Haya sikuyasoma tu. Nikiwa fundi mdogo katika maabara moja ya Industrial Area, nililetewa slagi ya kujazia ua wa malori. Nilipasua bonge moja kwa nyundo, nikakuta ndani vitone vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele. Nikavidondoshea maji, na kufikia kesho yake vilikuwa unga na bonge limeachana. Nikaomba tupime uvimbe kabla ya kutoa majibu. Mkubwa wangu alinijibu mbele ya wenzangu wote kwamba nachelewesha kazi za watu, na ripoti ikatoka na namba za ugumu peke yake.

Masika yalipopita, ua ule ulikuwa umeinuka katikati na lami imepasuka kama ganda la mkate. Hakuna aliyenitafuta kuniambia nilikuwa sawa. Mpaka leo linaniuma, sitaficha.

Kwa hiyo pima uvimbe. Shindilia sampuli kwenye moldi ya CBR, ile silinda ya chuma ya kupimia nguvu ya udongo wa barabara, iloweshe kwenye maji ya nyuzi 70 kwa siku 7, usome geji ya uvimbe kila siku. Kiwango cha Marekani kwa tabaka la msingi hakiruhusu uvimbe kuzidi asilimia 0.5. Ikizidi, rundo lilale nje likinyeshewa kwa miezi, kisha upime upya. Chukua sampuli kutoka pande zote za rundo, ndani na nje, maana juu huzeeka kwanza.

Jambo jingine: slagi ni nzito kuliko mawe yetu, kwa hiyo tani zilezile zinafunika eneo dogo. Anayenunua kwa tani na kukadiria kwa macho ataishiwa kabla ya kufika mwisho wa barabara.

Vijana, saini yako ndiyo kazi yako. Mkubwa akikataa mtihani, andika kwenye ripoti kwamba uvimbe haukupimwa, kwa maneno hayohayo, ubaki na nakala. Wahandisi tunalalamika kila siku kuhusu barabara mbovu za Nairobi huku tukipitisha karatasi tunazojua zina pengo. Tuache.

Nawe kijana wa Athi River, anza kulowesha leo. Siku ya 7 nitumie usomaji wa geji, tuuangalie pamoja kabla mkandarasi hajaita malori.