Kusahihisha ishara iliyopotoka kwenye kipokezi cha fiba: kwa wanaoanza

Kabla hujaandika mstari wowote wa programu, piga hesabu ya uharibifu unaokwenda kuurekebisha. Fiba ya kawaida ya aina ya G.652, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, hutawanya mwanga (rangi zake hufika kwa nyakati tofauti) kwa takriban pikosekunde 17 kwa kila nanomita, kwa kila kilomita. Ishara ya gigabodi 32 (simboli, yaani vipande vya data, bilioni 32 kwa sekunde) ina upana wa nanomita 0.26 hivi. Ikisafiri kilomita 1,000, itatanuka kwa pikosekunde 4,400 hivi, wakati simboli moja inachukua pikosekunde 31.25 tu. Yaani kila simboli imemwagikia wenzake karibu 140. Ukiijua namba hii hutashangaa kwa nini kichujio cha vigawo 15 (namba 15 zinazozidishwa na sampuli jirani) kimeshindwa.

Wengi huuliza kwa nini tusipime nguvu ya mwanga tu kwa fotodiodi moja, kisha tusahihishe baadaye. Shida ni kwamba fotodiodi hupiga mraba uwanja wa mwanga, na hapo fezi (pembe ya wimbi) inapotea. Mtawanyiko ambao ulikuwa badiliko la fezi tu unageuka mashimo kwenye spektra (mgawanyo wa ishara kwa masafa, yaani frikwensi). Kwa kilomita 80 za fiba hiyohiyo, shimo la kwanza huangukia karibu na gigahezi 6.8. Kilichokuwepo hapo kimefutika, na kichujio kikijaribu kukiinua kitainua kelele. Ndiyo maana mifumo ya zamani iliweka fiba ya kufidia njiani, na ya sasa hutumia kipokezi koherenti: leza ya pili upande wa kupokea, inayochanganywa na ishara ili fezi ipimike, na mikondo minne ya sampuli, yaani sehemu mbili za fezi kwa kila polaraizesheni (mwelekeo wa mtetemo wa mwanga).

Kuanzia hapo, mpangilio ndio kila kitu. Usiruke hatua, na usiende mbele kabla hujatazama kilichotoka kwenye hatua uliyopo.

Anza na kasoro za kipokezi chenyewe. Nyaya nne zinazoingiza ishara kwenye vibadilishaji vya dijitali hazilingani urefu, na tofauti ya pikosekunde 1 tayari ni asilimia 3 ya simboli kwenye gigabodi 32. QPSK (yenye simboli za aina 4) inaweza kuvumilia, 64QAM (yenye aina 64) haitakusamehe. Pima ucheleweshaji huo mara moja bila fiba, uuhifadhi, uuondoe kila mara. Fidia pia pale ambapo mikondo miwili haina nguvu sawa au haijakaa kwa digrii 90 kamili. Utaratibu wa Gram-Schmidt, unaoondoa kwenye mkondo mmoja sehemu iliyovuja kutoka mwingine, unatosha.

Hatua ya pili ni mtawanyiko. Huu haubadilikibadiliki, kwa hiyo hauhitaji kichujio kinachojifunza. Fanya kazi kwenye masafa: chukua FFT (hesabu ya haraka inayogawa ishara kwa masafa yake), zidisha kila sehemu kwa fezi iliyo kinyume na ile ya fiba (inakua kwa mraba wa masafa), kisha rudi kwenye muda. Kwa sampuli mbili kwa simboli na kilomita 1,000, kichujio kinahitaji vigawo 557 hivi. Bloku za FFT lazima zipishane kwa sampuli 556. Ukitumia bloku ya 1024 unabaki na sampuli 468 tu zenye faida; ya 2048 inakupa 1,492. Asiyepishanisha bloku huona makosa yanayojirudia kwa vipindi sawa, kisha anailaumu leza.

Kosa la wageni hapa ni alama ya kutoa. Ukiikosea hupati hitilafu yoyote kwenye skrini. Badala ya kuondoa mtawanyiko unauongeza mara mbili. Jaribu alama zote mbili, na ukibadilisha maktaba ya FFT jaribu tena. Urefu wa fiba nao si lazima uujue kwa usahihi: kosa la kilomita 10 huacha pikosekunde 170 kwa nanomita, sawa na simboli 1.4 hivi, na hatua ya mbele itazimeza.

Sasa rekebisha saa. Saa ya mtumaji na ya mpokeaji zikitofautiana kwa sehemu 10 kwa milioni, baada ya simboli 50,000 umeteleza nusu simboli. Dalili yake, ukichora simboli kama nukta kwenye grafu, ni nukta safi mwanzoni mwa rekodi zinazochafuka kadiri unavyoelekea mwisho. Usijaribu kazi hii kabla ya kuondoa mtawanyiko, kwa sababu mtawanyiko huizima toni ya saa (mdundo wa simboli unaokuonyesha saa ya mtumaji).

Kinachofuata ndicho kichujio kinachojifunza, vichujio vinne vilivyounganishwa mbili kwa mbili, ili kutenganisha polaraizesheni zilizochanganyika na kufuata mabadiliko yake. Vigawo 11 hadi 21 vinatosha. Weka 1 kwenye kigawo cha katikati cha vichujio viwili vya moja kwa moja, sifuri kwingine, na anza na kasi ya kujifunza ya 0.001. Kwa QPSK tumia algorithimu ya moduli thabiti (inayolazimisha ukubwa wa kila simboli uwe uleule), ambayo Godard aliichapisha mwaka 1980. Ikimaliza kazi utaona pete, si nukta nne. Usishtuke wala usiongeze vigawo. Algorithimu hii haijali fezi, na fezi bado inazunguka. Kwa 16QAM utaona pete tatu, na baada ya kusawazisha nguvu, nusu kipenyo zake ziko karibu na 0.45, 1 na 1.34.

Hatari kubwa hapa ni matokeo yote mawili kushika polaraizesheni moja. Picha zote zinapendeza, lakini data ni ileile. Linganisha matokeo mawili. Yakifanana, endesha kwanza tokeo la kwanza peke yake, kisha jenga vichujio vya pili kutokana na vya kwanza kwa kuvigeuza nyuma-mbele na kuchukua konjugeti (kugeuza alama ya sehemu ya kufikirika), huku kichujio cha kuvuka kati ya polaraizesheni kikipewa alama ya kutoa.

Tofauti ya masafa ya leza mbili itafute kwa kuinua ishara kwa kipeo cha nne na kutazama kilele cha FFT. Kwa gigabodi 32 njia hii huona hadi gigahezi 4 kila upande. Ikizidi hapo inakupa jibu la uongo kwa ujasiri kabisa. Fezi iliyobaki, QPSK hutumia njia ya akina Viterbi ya mwaka 1983, inayotegemea nukta zilizo kwenye mishazari. Kwa 16QAM ni nukta 8 tu kati ya 16 zilizo kwenye mishazari, hivyo jaribu pembe 32 ndani ya digrii 90 na uchague inayokaa karibu zaidi na nukta halali. Makosa yakiwa machache kisha ghafla nusu ya biti zote zikawa mbaya, fezi imeruka digrii 90. Tumia simboli za rubani (zinazojulikana mapema) au usimbaji wa tofauti (data hukaa kwenye badiliko kati ya simboli).

Yote hayo yakikamilika na bado makosa ni mengi, ongeza nguvu ya kutuma kwa desibeli 1. Ubora ukipanda, tatizo ni kelele ya vikuzaji. Ukishuka, fiba yenyewe imeanza kupotosha kwa nguvu ya mwanga, na kupunguza nguvu ni rahisi kuliko algorithimu yoyote utakayoiandika.