Maswali yenu kuhusu cPanel

*Kijana aliyenitengenezea tovuti ya duka hapokei simu tena. Kuingia cPanel sijui. Nifanyeje? (Mama wa vitenge, Tanga)*

Pole, dada. cPanel ni ukurasa wa kuendeshea tovuti, na mlango wake hauna kificho: andika anwani ya tovuti yako kwenye kivinjari, umalizie na :2083, aghalabu utatokea. Kazi ni ufunguo. Usibahatishe nywila, seva nyingi (kompyuta zinazohifadhi tovuti) humfungia nje anayekosea mara kwa mara. Tafuta risiti: kila mwaka inalipwa kampuni gani ya seva, na akaunti ni ya nani? Ikiwa yako, waombe wakubadilishie nywila. Ikiwa ya kijana, hawatakupa, na wana haki.

Hapo geukia kikoa, yaani lile jina linaloishia na .co.tz. Kikoa ni kitu kimoja, nafasi kwenye seva ni kingine. Kikoa kikiwa kimesajiliwa kwa jina lako, mwachie seva yake, kodi nafasi kwingine na ulielekeze jina huko. Kurasa za zamani utazikosa, lakini wateja watakupata. Kikiwa kwa jina lake, basi ni kumfuata mpaka kwao.

*Nimepakia faili zote, tovuti inaniandikia 403 Forbidden.*

Maana yake seva inakataa kuonyesha ukurasa. Ndani ya cPanel fungua File Manager, ingia public_html, folda ambayo wageni wa tovuti huonyeshwa yaliyomo. Nakisia utakuta humo folda moja tu, na faili zako zimo ndani yake. Ndivyo inavyotokea ukifumua zipu. Zitoe zikae public_html kwenyewe. Angalia pia ukurasa wa mwanzo unaitwa index.html kwa herufi ndogo, kwani kwa Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, Index na index ni faili mbili. Ruhusa (Permissions, yaani nani asome na nani abadilishe) ziwe 755 kwa folda na 644 kwa faili. Atakayekushauri uweke 777, inayomruhusu kila mtu kubadilisha, mshukuru na usimsikilize.

*Kurasa zangu ni tano tu, mbona naambiwa nafasi imejaa na barua pepe haziingii?*

Bofya Disk Usage. Mlaji mara nyingi ni folda ya mail, yenye barua za miaka ambazo hakuna aliyezifuta. Akifuatia ni faili iitwayo error_log, inayonenepa kimyakimya kila programu ya tovuti inapolalamika. Isome mistari ya mwisho kabla hujaifuta, maana tatizo limeandikwa humo. Kisha umwage na .trash, folda ya takataka: kilichofutwa kwa File Manager huenda huko kwanza, na bado kinahesabiwa.

*Nikibonyeza Full Backup niko salama?*

Bado. Full Backup ni nakala ya akaunti yako nzima. Usipoelekeza kwingine, nakala hiyo inabaki kwenye seva ileile, inakula nafasi yako, na seva ikifa inakufa nayo. Ipakue kwenye kompyuta yako. Tena kuirudisha nzima huwezi mwenyewe, ni kazi ya kampuni. Kwa hiyo pakua pia nakala ya Home Directory (folda kuu ya faili zako) na ya hifadhidata, kila moja peke yake. Hizo unazirudisha mwenyewe.