Maktaba ya Teolojia kwa Gharama ya Bando

Mwinjilisti mmoja wa Nyanda za Juu Kusini ameniandikia akiuliza kama akope fedha katika kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA) ili anunue mkusanyiko mkubwa wa vitabu katika Logos, programu ya kusomea Biblia na vitabu vya teolojia. Nimemjibu kwamba asikope hata shilingi. Apakue programu hiyo bila malipo, achukue kile kitabu cha bure wanachokitoa kila mwezi, mengine ayatafute kwingine. Kwa kuwa swali hili naulizwa mara kwa mara, na kwa kuwa maktaba iliyomo katika kishikwambi changu imekwisha kuipita kwa mbali ile ya chuo nilichosoma, nadhani ninayo haki ya kulisemea.

Lipo jambo ambalo bado linaniuma. Nilipoanza kukusanya vitabu vya madhehebu mengine, mzee mmoja wa kanisa aliyeiona Katekisimu ya Kanisa Katoliki katika simu yangu alitangaza mbele ya kamati kwamba mtumishi wao "ameshaanza safari ya Roma". Walicheka wote, na hakuna aliyenitetea. Sikumjibu, bali nilirudi nyumbani nikapakua vingine, na leo wanawe ndio wanaonitumia ujumbe usiku wakiuliza Augustino alifundisha nini juu ya neema.

Anza na Mababa wa Kanisa, yaani walimu wa Kikristo wa karne za mwanzo, kwa maana hao ni wa kwetu sote. Tovuti ya Christian Classics Ethereal Library, iliyoanzishwa mwaka 1993, inatoa bure juzuu 38 za maandiko yao kwa Kiingereza, zilizohaririwa katika karne ya 19 na Philip Schaff pamoja na wengine. Soma hata hivyo ukiwa macho. Katika juzuu za mwanzo, baada ya maandiko ya Cyprian wa Karthago, utakuta maelezo marefu yanayoipinga Roma, ambayo si ya Cyprian hata kidogo, bali ni ya Askofu Coxe, Mwanglikana wa Marekani. Nimewahi kumsikia mhubiri akiyanukuu kana kwamba ni ya karne ya tatu.

Kisha nenda katika tovuti ya Kikatoliki ya New Advent ukamsome Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13. Fungua pale anapouliza kama Mungu yupo. Haanzi na jibu lake, bali anaanza na hoja ya anayekataa: kama Mungu ni wema usio na mipaka, uovu usingekuwapo, na tazama, upo. Baada ya hapo analeta neno la kitabu cha Kutoka, "Mimi niko ambaye niko", anaeleza njia zake tano za kuonyesha kwamba Mungu yupo, ndipo anarudi kumjibu mpinzani hoja kwa hoja. Ni wangapi kati yetu, watumishi, tunaoweza kupanda mimbarani tukaieleza hoja ya mwenzetu vizuri kiasi hicho kabla ya kuibomoa? Tunamsema Mkatoliki, tunamsema Msabato, na kitabu chake hatujawahi kukifungua.

Katika tovuti hiyo hiyo imo ensaiklopidia ya Kikatoliki iliyoanza kuchapishwa mwaka 1907. Ni hazina, lakini usiichukue kuwa sauti ya Kanisa hilo leo. Hati za Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, zinapatikana kwa Kiswahili katika tovuti ya Vatikano, ikiwamo ile ya mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristo. Na Mlutheri mwenzangu asikose kulisoma tamko la pamoja la Walutheri na Wakatoliki juu ya kuhesabiwa haki, lililotiwa saini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999. Laiti yule mzee angelisoma!

Vingine ni vya kupakua tu usiku, bando likiwa nafuu: Kitabu cha Concordia cha mwaka 1580, chenye maungamo ya Walutheri, Katekisimu ya Heidelberg ya Wareformati ya mwaka 1563, hotuba za Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, na gazeti la uamsho wa Azusa Street, Los Angeles, lililoanza mwaka 1906, ambalo Wapentekoste wengi hawajui kwamba linasomeka bure. Weka nakala katika diski ya nje, maana simu huibiwa.

Fedha yako kidogo itunze kwa ajili ya waandishi wa karibuni, ambao hakimiliki zao bado zina nguvu: Kallistos Ware, aliyefariki mwaka 2022, kwa upande wa Waorthodoksi, na John Mbiti wa Kenya, aliyefariki mwaka 2019, kwa upande wetu Waafrika. Flashi zilizojaa vitabu vyao vya wizi zinauzwa hadharani, na nasikitika kwamba wanunuzi ni sisi tunaohubiri amri ya "Usiibe". Kitabu kimoja halali kwa mwaka kinatosha. Mimi nilianza na cha Mbiti, na bado ninabishana naye pale anapodai kwamba fikra za jadi za Kiafrika karibu hazina wakati ujao.