Barua kwa mwanangu anayetaka kuishi kwa katuni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye sentensi ile ile: "Baba, uliwezaje kutulea kwa katuni zako, bila mwajiri, ilhali mimi nimechora miaka miwili kila usiku baada ya kazi na ninachopata hakitoshi hata kununua wino?" Umeuliza kwa unyenyekevu, kana kwamba kasoro iko kwako, na ndiyo maana sikutaka kukujibu kwa simu. Jibu la kweli ni kwamba sikuweza. Kwa miaka sita ya mwanzo nyumba yetu iliendeshwa kwa mshahara wa mama yako, nami nilikuwa nachora. Watu waliponiuliza shughuli yangu nilijibu kwamba mimi ni msanii wa kujitegemea, na mama yako, hata alipokuwa amesimama kando yangu, hakuwahi kunisahihisha mbele yao.

Nimelitanguliza hili kwa sababu masimulizi mengi kuhusu kazi yetu huanzia pale vitabu vilipoanza kuuzwa, na muda uliotangulia hufungwa katika maneno mawili matatu kuhusu uvumilivu. Anayejichapishia kazi yake hana mchapishaji wa kumpa malipo ya awali. Kwa hiyo gharama ya kuishi, tangu siku anapochora fremu ya kwanza hadi siku nakala ya kwanza inapouzwa, ni lazima ibebwe na mtu fulani, awe mwenzi, mzazi, mwajiri wa mchana au mkopeshaji. Jeff Smith, Mmarekani aliyeanza kujichapishia mfululizo wake uitwao Bone mwaka 1991 na kuumaliza mwaka 2004 baada ya matoleo 55, hutajwa sana kama mfano wa mtu aliyefanikiwa peke yake. Lakini mkewe, Vijaya Iyer, aliacha ajira yake ili aendeshe upande wa biashara, naye Smith akabaki na kalamu. Kevin Eastman na Peter Laird, walipochapisha kobe wao wapiganaji, Teenage Mutant Ninja Turtles, mwaka 1984, nakala zipatazo 3,000 zenye kurasa za ndani za wino mweusi tu, fedha zilitokana na kodi waliyorudishiwa na mkopo wa mjomba wa Eastman. Siwataji ili kuwashusha. Nawataja ili uone kwamba hata wao mtu aliwabeba.

Sasa tuje kwenye hesabu yako, maana umejilaumu bila kuipiga. Ukurasa mmoja wa kwangu, kuanzia mchoro mdogo wa kupanga fremu, kisha penseli, kisha wino, hadi kuandika maneno ndani ya viputo na kusafisha madoa baada ya kuskani, ulinichukua takriban saa 12. Tuseme nawe ni hivyo hivyo. Kitabu chako cha kurasa 96 kinataka saa 1,152. Umeniambia unachora saa mbili kila usiku, siku tano kwa wiki, yaani saa 10. Kwa mwendo huo kitabu kinataka wiki zipatazo 115, na wewe katika wiki 104 umefikisha kurasa 84. Hesabu ilitaka kurasa 86 hivi, kwa hiyo umepungukiwa mbili tatu tu. Uko karibu kabisa na pale ambapo hesabu ilitaka uwe, na kama ungenionyesha daftari hilo bila jina ningesema mwenye nalo ana nidhamu kuliko niliyokuwa nayo mimi.

Mimi niliyekaa nyumbani, nikiwa na saa sita za meza kwa siku, siku tano kwa wiki, nilipaswa kumaliza kitabu cha ukubwa huo kwa wiki 39 hivi. Kilinichukua mwaka na miezi minne. Muda uliobaki ulikwenda kwenye mambo ambayo hakuna anayeyachora: kuandika ankara na kufuatilia ankara zilizopuuzwa, kufunga vifurushi, kubembeleza maduka ya vitabu yapokee nakala tano kwa mali kauli na kurudi baada ya miezi mitatu kuuliza zimeuzwa ngapi, kusimama nyuma ya meza kwenye matamasha nikitabasamu kwa watu wanaofunua kitabu hadi mwisho, wanacheka mahali panapostahili, kisha wanakirudisha. Unapoota kuacha ajira ili upate siku nzima ya kuchora, kumbuka kwamba siku hiyo nzima hutaipata. Utapata nusu yake, na nusu nyingine utakuwa karani wako mwenyewe. Kwetu ukarani huo mama yako aliuchukua jioni, baada ya kazi yake, na bila daftari lake nisingejua hata kwamba nilikuwa nauza kwa hasara.

Hasara yenyewe unaijua, maana ulilala juu yake. Katika uchapaji wa ofseti gharama kubwa hutumika kabla nakala ya kwanza haijatoka, kwenye kutengeneza mabamba na kuandaa mtambo, hivyo kila nakala inayoongezwa hushusha bei ya moja. Mchapaji alinionyesha kwamba nakala 2,000 zilizidi gharama ya nakala 1,000 kwa kiasi kidogo tu, nami nikaona ningekuwa mjinga kuchukua 1,000. Mwaka wa kwanza niliuza 400. Yale maboksi yaliyokuwa chini ya kitanda chako hadi ulipomaliza sekondari ndiyo tofauti ya bei niliyoifurahia. Siku hizi mitambo ya kidijitali huchapa hata nakala 50 bila mabamba, kwa bei ya juu kidogo kwa kila moja, na kwa kitabu cha kwanza mimi ningelipa bei hiyo ya juu bila kusita. Kosa jingine lililonigharimu lilikuwa viputo: niliviweka karibu mno na ukingo, kisu cha mchapaji kikala herufi za mwisho, na wahusika wangu wakamaliza kitabu kizima wakimeza maneno. Mchoro unaofika ukingoni uupitishe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, na maneno uyaweke ndani kabisa. Ukiamua kubana kwa pini badala ya gundi, idadi ya kurasa ni lazima igawanyike kwa 4, kwa kuwa kila karatasi ikikunjwa huzaa kurasa nne. 96 zako ziko salama, ila kwa unene huo mimi ningetumia gundi.

Umeuliza pia, kwa kupitia tu kama jambo dogo, kama ukubali mkataba wa yule mchapishaji anayetaka "kununua hadithi". Hapa naomba usome polepole. Unamkumbuka punda mwenye miwani? Ulipokuwa na miaka saba uliniuliza mbona simchori tena, nikakudanganya kwamba amesafiri. Ukweli ni kwamba nilimuuza. Nilitia saini karatasi yenye maneno "haki zote, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa baadaye", nikalipwa mara moja, zikatoka hadithi nne, kisha mchapishaji akabadili mipango. Punda akabaki kwenye kabati lao. Hakuna anayemchora sasa, wala mimi mwenyewe siruhusiwi.

Si mimi wa kwanza. Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki zote za Superman mwaka 1938 kwa dola 130, ambazo zilikuwa malipo ya kawaida ya kurasa 13 kwa dola 10 kila ukurasa. Waliendelea kuajiriwa kumwandika na kumchora mhusika huyo kwa miaka kadhaa, lakini hakuwa wao tena, na ni mwaka 1975 tu, wakiwa wazee, walipokubaliwa kulipwa pensheni ya kila mwaka na majina yao kurudishwa kwenye kazi yao. Wale wawili wenye kobe hawakuwa wamemuuzia mtu. Kwa hiyo waliokuja baadaye kutaka wanasesere na filamu walilazimika kubisha hodi kwao. Mchapishaji wako akitaka kitabu, mpe leseni: lugha fulani, umbo fulani, miaka fulani, mrabaha kwa kila nakala, na sharti kwamba kitabu kikiachwa bila kuchapishwa kwa muda mtakaokubaliana haki zote zinarudi kwako. Akikataa hata kulizungumzia hilo la mwisho, basi alichokuwa anakitaka si kitabu hiki, ni mhusika wako.

Kuna jambo moja mlilonalo ambalo sisi hatukuwa nalo, na nalionea wivu. Tangu Kickstarter, mtandao wa kuchangisha fedha za miradi, ilipofunguliwa mwaka 2009, msomaji anaweza kulipa kabla kitabu hakijachapwa, na lengo lisipofikiwa hakatwi chochote. Yaani unajua kama utauza 200 au 2,000 kabla ya kuagiza maboksi. Wenye mtandao huchukua asilimia 5, na gharama za kupokea malipo huja juu yake. Lakini kinachowaliza wengi ni posta. Kipime kitabu kwenye mizani kikiwa ndani ya bahasha yake na kadibodi yake, ndipo upange bei, maana nimemwona rafiki yangu akifurahia kampeni iliyofanikiwa na kisha akitoa akiba yake mwenyewe kulipia stempu. Wapo pia wanaochangiwa na wasomaji kila mwezi, kama ilivyo kwa Patreon tangu mwaka 2013. Huo kwa maoni yangu ni mshahara, wenye mabosi wengi wapole wanaotaka kuona kurasa kila mwezi, na kabla ya kuukubali hakikisha una angalau kurasa 30 zilizokamilika kabatini, kwa ajili ya mwezi utakaougua. Mkono nao huugua. Kifundo kikianza kuuma, acha kalamu siku hiyo hiyo. Mimi nilisubiri, nikapoteza majira mazima.

Niliposema miaka sita, usidhani mwaka wa saba katuni zilianza kutulisha. Tangu hapo hadi leo, zaidi ya nusu ya kipato changu imetokana na kazi za kuagizwa: vielelezo vya vitabu vya shule, mabango, warsha, na kuuza kurasa halisi zilizochorwa kwa mkono. Vitabu vyangu ndivyo vilivyonipatia kazi hizo, kwa hiyo sivilaumu, ila ukikuta mahali nimeitwa mtu aliyeishi kwa katuni, ujue kilichoachwa nje ya sentensi hiyo.

Basi usiache ajira mwezi huu. Malizia kurasa 12 zilizobaki, ambazo kwa mwendo wako ni wiki 15 hivi, chapa nakala chache, na kwa kila nakala andika daftarini iliuzwa wapi, kwa nani na ilikugharimu nini. Mkataba usiutie saini kabla sijauona. Tukishakuwa na daftari hilo tutazungumza tena juu ya kuacha kazi, na safari hii tutakaa watatu mezani.

Mama yako ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Amesahihisha mahali pawili kwa penseli: nakala za mwaka wa kwanza zilikuwa 380, wala si 400, na miaka haikuwa sita bali minane.

Baba yako